Walioambiwa Wahame Ndio Waliojenga Nairobi

Tom Mboya aliuawa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, akitoka kwenye duka la dawa. Duka lilikuwa Government Road, barabara ambayo leo tunaiita Moi Avenue, na jina lake lilikuwa Chhani's Pharmacy. Mboya alikuwa anajuana na wenye duka. Alipitia pale kama mteja mwingine yeyote, akatoka, akapigwa risasi.

Mboya tunamjua. Ana barabara, ana sanamu, na yuko kwenye vitabu vya shule. Lakini duka je? Nani alifungua mlango asubuhi ile? Lilikuwa limekaa hapo miaka mingapi? Nani mwingine alikuwa mteja wao, na walimpimia dawa kwa deni au kwa pesa taslimu? Hayo huwezi kuyasikia. Duka liliingia kwenye historia ya Kenya kwa sababu mtu mkubwa alifia mlangoni. Bila hivyo lingepotea tu, kama mengine elfu.

Na hivyo ndivyo tunavyofunzwa historia ya Nairobi, wasee. Gavana huyu, rais yule, na mzungu fulani aliyekuwa na shamba la kahawa. Mtu aliyeuza nguo, aliyepika chai, aliyeendesha gari la abiria, huyo hayupo. Mimi nimekuwa nikichimba mambo haya kwa miezi kadhaa, na kuna kitu kimoja kinajirudia hadi kinaudhi: watu waliofanya jiji hili liishi ni wale wale walioambiwa kwamba wako hapa kwa muda tu. Na hao wa muda ndio hawakuondoka.

Twende polepole. Tutoke tao, tufuate Ngong Road hadi Jamhuri. Nauli ni juu yangu.

Mji wenyewe ulikuwa wa muda

Tuanzie mwanzo kabisa, juu kuna kichekesho hapo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899. Kabla ya hapo, hii ilikuwa sehemu ya kunyweshea ng'ombe, na Wamaasai ndio waliopaita mahali pa maji baridi. Wajenzi wa reli walitaka mahali tambarare pa kuweka vifaa na kupumzika kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Wakapiga mahema. Yaani Nairobi ilianza kama stoo na kambi.

Ardhi ilikuwa kinamasi. Mvua ikinyesha, matope hadi magotini. Kulikuwa na madaktari na maafisa waliosema wazi kwamba mji uhamishwe upelekwe kwingine penye afya zaidi. Winston Churchill alipita hapa 1907, na katika kitabu chake cha safari aliandika kwamba wakati wa kuuhamisha ulikuwa umeshapita. Na ulikuwa umepita kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wamefungua maduka. Ukishakuwa na mahali pa kununua unga, kushona suruali na kutengenezewa kiatu, hiyo si kambi tena.

Kwa hivyo, ukiona mtu wa ofisini anamwambia mama mboga kwamba kibanda chake ni cha muda, kumbuka hata ofisi yenyewe imesimama juu ya kambi ya muda.

Bazaar ilichomwa, ikarudi

Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye bazaar ya Wahindi, yale maduka ya mbao na mabati yaliyobanana karibu na reli. Jibu la serikali lilikuwa kiberiti. Daktari wa serikali aliamuru bazaar yote ichomwe. Fikiria mtu ametoka Gujarat au Punjab, amevuka bahari kwa jahazi au meli, ameweka mtaji wake wote kwenye marobota ya vitambaa na magunia ya mchele, halafu siku moja anaambiwa toka nje, tunachoma.

Walirudi, wakajenga tena. Barabara iliyoitwa Bazaar Street ndiyo leo inaitwa Biashara Street. Ukipita hapo sasa hivi, utapata vitambaa, leso, kikoi na nguo za watoto wachanga. Mama yako akiwa mja mzito, kuna uwezekano mkubwa alitumwa huko na shangazi zake kutafuta shali na nepi. Jina limebadilika lakini kazi haijabadilika. Majina ya magavana na malkia yameng'olewa kwenye barabara nyingi za tao. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Victoria Street ikapewa Tom Mboya. Bazaar ilipobadilishwa ikawa Biashara, yaani neno lile lile kwa Kiswahili. Hata waliokuwa wakibadilisha majina walijua hapo hakuna la kubadilisha.

Pale karibu kuna Jeevanjee Gardens. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi 1856, akaja Mombasa mwaka 1890, na akapata utajiri kwa kuleta wafanyakazi wa reli na kuwauzia chakula. Gazeti lake la African Standard, lililoanza Mombasa, ndilo leo tunaliita The Standard. Hiyo bustani aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906. Yeye hakuwa mtu mdogo, tuseme ukweli. Lakini cheki kilichotokea baadaye. Mwaka 1991 kukawa na mpango wa kujenga juu ya bustani hiyo. Aliyesimama mbele ya waliopinga alikuwa mjukuu wake, Zarina Patel, na watu wa kawaida wakamuunga mkono. Mpango ukafa.

Leo nani anatumia bustani hiyo? Wahubiri wa mchana, wapiga picha, wauza njugu, watu wa Bunge la Mwananchi wanaobishana siasa, na wewe ukiwa huna pesa ya mkahawa. Tajiri alitoa ardhi, sawa. Lakini kinachofanya bustani iwe bustani na si kipande cha nyasi ni hao.

Senti thelathini

Sasa tupande mat. Hapa Ngong Road kuna 111 ya kwenda Ngong, na kuna 46 ya Kawangware ikipita upande wake. Chagua yenye muziki unaoupenda.

Neno matatu wengi hulisikia kila siku bila kuuliza. Nauli ilikuwa senti 30, sarafu tatu za senti kumi. Tatu. Ndiyo hiyo. Mbele yake kulikuwa na kampuni rasmi ya Kenya Bus Service, iliyoanza 1934. Mwaka 1966 baraza la jiji liliipa mkataba wa kubeba abiria peke yake, nalo likachukua robo ya hisa. Kwa karatasi, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kubeba abiria ndani ya jiji.

Lakini mabasi hayakufika kila mtaa, na mtu wa mtaani alikuwa na kazi ya kuwahi. Basi wenye vigari vya mkweche wakaanza kubeba watu kimagendo. Polisi wakawakamata, wakalipa faini, wakarudi barabarani jioni hiyo hiyo. Hadi 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria hata bila leseni maalum ya uchukuzi. Haikuwa zawadi. Watu walikuwa washazoea kuzipanda, na jiji lingekwama bila hizo.

Sasa hesabu waliobaki. Kenya Bus ilinunuliwa na Stagecoach ya Uingereza mwaka 1991, na kufikia 1998 Stagecoach walikuwa wameuza wakaenda zao. Nyayo Bus ya serikali ilianza 1986, ikaanguka ndani ya miaka kumi hivi. Zile gari za kimagendo za senti thelathini ndizo zinakupeleka kazini leo. Nazo zina shida zake, nani asiyejua. Kelele, mwendo wa kutisha, nauli inayopanda mvua ikinyonya tu wingu. Lakini kama mtu angeandika historia ya usafiri wa Nairobi kwa haki, makanga angekuwa ukurasa wa kwanza na waziri angekuwa kwenye maelezo ya picha.

Jamhuri imesimama juu ya nini

Tukishuka Jamhuri, hapa ndipo mambo yanakuwa mazito kidogo.

Watu wengi wanaijua Jamhuri kwa sababu ya maonyesho ya kilimo. Wewe pia uliletwa hapa na basi la shule, ukashikana mikono na mwenzako kwenye mstari, ukaona ng'ombe mkubwa, ukanunua puto lililopasuka kabla hujafika nyumbani. Uwanja huo zamani uliitwa Mitchell Park, jina la gavana Philip Mitchell. Tulipopata uhuru ukawa Jamhuri Park. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi iliyoandikwa kwenye bango.

Sehemu ambayo haiko kwenye bango ni hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwaweka askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan kwenye msitu ulio nje ya mji. Ndio Wanubi. Kibra, kwa lugha yao, ni msitu. Ardhi hiyo ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Walipigana vita vya Waingereza, wakaambiwa kaeni hapa. Hati miliki hawakupewa. Walikuwa wapangaji kwa hisani ya mkubwa, na mkubwa akiamka vibaya, basi.

Wakafanya maisha. Wanawake wa Kinubi walitengeneza pombe kali iliyosifika mji mzima, wengine wakauza maziwa na mboga, familia zikajenga vyumba vya kupangisha wageni waliokuja Nairobi kutafuta kazi na hawakuwa na pa kulala. Fundi, mpishi, mlinzi, dereva wa mzungu wa Kilimani, wengi walianzia kwenye chumba cha Kibra. Serikali haikuwajengea nyumba. Waliojengewa walikuwa wachache, na mwenye nyumba wa Kinubi, asiye na karatasi yoyote, ndiye aliyeziba pengo.

Na ekari 4,000 ziliishia wapi? Zilikatwa kipande kwa kipande. Woodley, Ngei, Otiende, Ayany, Olympic na, ndiyo, mtaa wa Jamhuri. Nyumba nzuri za mawe na miti kando ya barabara zilijengwa juu ya ardhi ya watu walioambiwa wako hapa kwa muda. Mwaka 2017, zaidi ya miaka mia moja baadaye, jamii ya Wanubi ilipewa hati ya pamoja. Ekari 288. Piga hesabu mwenyewe, ni kama asilimia saba.

Sisemi watu wa Jamhuri wabomoe nyumba zao. Nasema tu kwamba, kama unaishi hapo au umepanga hapo, hiyo ndiyo historia ya mtaa wako. Haianzi na mjenzi wala na gavana. Inaanza na mtu aliyepangisha chumba bila karatasi.

Adams na Toi

Tembea dakika chache ufike Adams Arcade. Jengo hilo lilijengwa miaka ya 1950 na mfanyabiashara Abdul Habib Adam, wakati ambapo maduka ya maana yalikuwa tao pekee. Wazo la kuweka maduka pamoja nje ya tao, mtu aegeshe gari na anunue kila kitu, halikuanza na zile moli za juzi zenye lifti za kioo. Lilikuwa hapa kitambo, na hadi leo tunaita stejini Adams bila kujua Adam alikuwa mtu.

Karibu na hapo kuna Toi. Kama unavaa vizuri na huna pesa, unajua Toi. Unajua kuamka mapema siku ya kufunguliwa mzigo ili upate kamera kabla ya watu wa maduka ya mtandaoni. Soko hilo lilikua mitumba ilipofunguliwa milango miaka ya 1990, na nusu ya luku unayoiona mitaani magharibi mwa jiji imetokea hapo.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Toi iliteketezwa. Vibanda vikawa majivu, pamoja na nguo na daftari za madeni. Wakati huo huo, ng'ambo kidogo tu, uwanja wa maonyesho wa Jamhuri uligeuka kambi ya watu waliofurushwa makwao. Pale tulipoletwa na basi la shule kuona ng'ombe, watu walilala na magodoro na sufuria zao. Na ni Januari hiyo hiyo ya 2008 ambapo vijana wachache walitengeneza tovuti ya kukusanya taarifa za vurugu kutoka kwa raia wa kawaida kwa simu. Wakaiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye, Machi 2010, iHub ikafunguliwa papa hapa Ngong Road, kwenye jengo la Bishop Magua.

Dunia nzima iliandika kuhusu iHub, na ni haki yake. Lakini wauzaji wa Toi walirudi kwenye majivu, wakapima nafasi zao kwa hatua za miguu, kila mmoja akikumbuka jirani yake alikuwa nani, wakajenga tena kibanda kwa kibanda. Hiyo haikuandikwa sana. Mimi naona zote mbili ni hadithi moja. Tovuti ilikuwa inauliza: umeona nini? Soko lilikuwa linauliza: ulikuwa umesimama wapi? Majibu yalikuwa kwenye vichwa vya watu wa kawaida.

Kwa nini hili si hadithi tu

Kuna mtu atasema, sawa, lakini vibanda vinaziba barabara, vinashika moto, na jiji haliwezi kuendelea bila mipango. Ni kweli. Ngong Road ilipopanuliwa tulifurahi sote, na mimi nikiwemo. Kukaa kwenye foleni kuanzia Adams hadi Dagoretti Corner saa nzima hakukuwa utamaduni wa kulindwa.

Swali langu ni lingine. Jiji likiamua kusonga, nani anahesabiwa kwamba alikuwepo? Wachonga sofa na wauza miche ya maua kando ya Ngong Road ni sura ya barabara hiyo kuliko jengo lolote. Lakini alama nyekundu ya X ikichorwa ukutani, mwenye hati anaita wakili, na asiye na hati anaita kaka yake mwenye mkokoteni. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 40, inaacha nafasi ya kufidia hata watu wanaokalia ardhi kwa nia njema bila hati, serikali ikichukua ardhi hiyo. Lakini utathibitisha vipi ulikuwepo miaka ishirini, kama hakuna mahali popote palipoandikwa?

Na hawa si wachache. Takwimu za serikali kila mwaka zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira Kenya, ukiacha kilimo kidogo, iko jua kali. Tangu 1972, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilisema wazi kwamba watu hawa si wavivu wanaosubiri kazi. Wanazalisha, wanafunza vijana ufundi, na shida yao kubwa ni kuhangaishwa. Zaidi ya miaka 50 imepita na kanjo bado anabeba sufuria ya mama wa chapo.

Mtu asiye na historia ni rahisi kumhamisha. Ukishasema "hawa walikuja juzi", umeshamaliza kazi nusu. Ndiyo maana nasisitiza hii si hadithi ya kujipendekeza kwa wazee. Ni ushahidi, kwa herufi ndogo.

Kazi ya nyumbani

Chuo niliacha, kwa hivyo usitarajie tasnifu. Lakini kazi ninayokuomba haihitaji digrii. Inahitaji simu uliyoshika sasa hivi.

Wiki hii chagua mtu mmoja wa mtaa wako. Fundi wa viatu, kinyozi, mzee wa duka la vipuri, mama anayekuuzia mayai boilo stejini. Nunua kitu kwanza, biashara haigombi, halafu muulize maswali matatu. Ulianza hapa lini? Kabla yako palikuwa na nani? Umehamishwa mara ngapi? Mwombe ruhusa, rekodi sauti yake, piga picha ya kibanda na ya leseni au risiti ya zamani kama anayo, uandike tarehe. Kama hataki jina lake litoke, usilitoe. Mpe nakala, kwa sababu hiyo ni mali yake kabla ya kuwa posti yako.

Swali la tatu ndilo litakushangaza. Wengi wataanza kuhesabu kwa vidole, na vidole vitaisha. Halafu uliza swali la nne, ambalo sikulitaja: na kwa nini ulirudi? Hapo nyamaza, uache simu irekodi.